Daraja la Kwanza

Mama mdogo Somoe kazimwaga tiketi zangu kwenye ungo,
zote, mkebe mzima wa siagi,
kavaa miwani yake ya ghalani
na sasa anazichambua kama korosho.

Miaka kumi na minane anachambua pale Naliendele.
Kidole chake hakidanganyiki:
hii imejaa, hii pepe, hii ilinyeshewa.
Uani kwetu Chikongola kunanuka mabibo,
nzi wamelewa, na mimi nina wiki moja tangu nirudi.

"Hii ya wapi?"
Praga. Niliondoka Ghent Ijumaa usiku, nikarudi Jumapili.
"Ulifikia kwa nani?"

Kwa nani.
Nilifikia kwenye chumba cha vitanda kumi na viwili,
viatu nimevilalia kichwani visiibiwe,
Mkorea wa kitanda cha chini akikoroma hadi alfajiri.
Sikumjua jina.

Anaiweka kwenye mapepe.

"Na hii?"
Lisboni. Ndege ya bei chee, begi lisizidi kimo cha goti,
basi nikavaa suruali mbili na sweta tatu,
nikapanda ngazi kama mwali siku ya kutolewa,
kabebeshwa vitenge vya mashangazi wote.
Niliiona bahari kule.
Tulitazamana kama shemeji waliokutana mjini
na kila mmoja akajifanya hamjui mwenziwe.

"Ulifikia kwa nani?"
Sikufikia, mama. Nilizunguka.

Anacheka kidogo. Mapepe.

"Bei gani hii?"
Euro tisa.
Midomo inacheza, macho yanatazama paa.
"Kilo nane," anasema,
bila hasira, kama anayesoma mzani.

Hapo ndipo ninapokumbuka ile laki tatu.
Mnada wa tatu ulipolipa alinitumia:
nunua koti, mwanangu, nasikia baridi ya huko inauma mifupa.
Koti nilinunua. La mtumba.
(Nilicheka peke yangu dukani: kumbe hapa ndipo kwao!)
Chenji ikapanda treni.
Na kila Jumapili jioni akipiga, nasema nasoma, mama, nasoma,
nyuma yangu spika ya stesheni inatangaza jukwaa namba tisa.

Hajaniuliza. Anaendelea kuchambua.
Kolon. Mapepe.
Budapesti, nilikolala stesheni. Mapepe, na jicho juu yake.

Kisha moja iliyokunjwakunjwa, ina doa la mafuta.
Mkono wake uko njiani kuitupa.
Hiyo ngoja, nasema.

Treni ya Bratislava, mwezi wa pili.
Theluji ilituzuia porini saa nzima, joto la behewa likakatika.
Mbele yangu mama mtu mzima, kitambaa cha maua kichwani,
akafungua gazeti mapajani, akamenya yai, akanipa.
Lote.
Kisha akafungua na chumvi, kwenye kikaratasi,
vilevile wanavyoifunga wauza ming'oko pale stendi.

"Mliongea nini?"
Hatukuwa na lugha. Alipokuwa anashuka nilisimama,
likanitoka lenyewe: shikamoo.
"Akaitika?"
Aliitika. Alisema nini sijui, lakini aliitika.

Mama mdogo anavua miwani, anaifuta, haivai tena.
Tiketi hairudi kwenye ungo.
Anaifunga kwenye pindo la kanga,
pamoja na stakabadhi ya ghala na noti ya elfu mbili.
"Daraja la kwanza," anasema,
anapuliza mapepe, mengine yanaangukia kwa kuku.

"Jumamosi twende Newala, Asumini kajifungua.
Vaa koti lako, kule juu asubuhi kuna ukungu."
Anainuka, anapangusa magoti.
"Na ule mfuko uliotoboka, niletee niushone."

Sikuwahi kumwambia habari za mfuko.