Hatua Mbili

Saa nane za usiku, Amarillo.
Upepo wa Texas unakwangua madirisha kwa mchanga
kama mtu anayeosha sufuria iliyounguza maharagwe.
Mbele yangu fomu tatu, kurasa kumi na moja kila moja:
anaweza; anaweza akisimamiwa; bado.
Kufika saa moja asubuhi niwe nimeweka tiki,
niseme nani amekuwa muuguzi
na nani amevaa viatu vyake tu.

Yesenia Olvera, mwaka mmoja chuoni, ana cheti.
Fomu yake fupi: ataona, ataripoti,
kufasiri awaachie wengine.

Kolby Hruska, miaka miwili, stashahada,
aliyoisomea kati ya zamu za kiwanda cha pamba.
Yeye amekabidhiwa mgonjwa, na jamaa za mgonjwa,
hata shangazi anayelia kabla hajaambiwa kitu.

Tram Luong, miaka minne, shahada.
Mgonjwa, jamaa zake, na jamii nzima, fomu inasema.
Jamii nzima!
Nilicheka peke yangu. Wiki ya tatu hii
na bado hajui taulo zinawekwa wapi.

Halafu chumba cha kumi na nne.
Bwana Ezell Stroud, fundi wa vinu vya upepo,
nyonga mpya, siku ya pili.
Yesenia alikwenda kumbadilishia maji, akarudi mikono mitupu.
“Bi Lorraine, anavuta shuka.”
Anavuta vipi?
“Kama anatafuta kitu alichokiangusha.”
Sikuinuka mara moja.
Hakufasiri. Hakuongeza neno.
Alisimama tu mezani kwangu, hataki kuondoka,
mpaka aibu ikaniinua.

Mzee alikuwa wa moto kama bati la mchana,
pumzi fupifupi, jina la mkewe mdomoni.
Kolby akatafuta mshipa. Ukamteleza.
“Samahani, bwana.” Ukamteleza tena. “Samahani, bwana.”
Mara ya tatu dripu ikashika,
akaomba samahani hiyo pia.

Na Tram? Tram aligandama ukutani.
Dakika nzima. Niliihesabu, Mungu anisamehe,
kwa kuwa fomu ina mahali pa kuandika hayo.
Kisha akachukua simu.
Daktari, sauti ya mto bado shavuni: subirini kukuche.
Tram akamsomea presha. Mapigo. Joto. Mkojo.
Akarudia tangu mwanzo, polepole,
kama anayehesabia chenji muuza duka mjanja,
sarafu moja, sarafu moja,
mpaka yule mtu akaja, koti juu ya nguo za kulalia.

Saa kumi na dakika kumi lifti ikammeza mzee,
kwenda kwa wagonjwa mahututi.
Hai. Zaidi ya hapo hatuambiwi tusipouliza.

Shule yangu mimi ilikuwa chini ya hospitali,
karibu na mabomba ya mvuke; ilifungwa zamani.
Miss Prewitt alidondosha sarafu juu ya kitanda ulichotandika.
Isiporuka, tandua, anza upya.
Zangu ziliruka. Miaka thelathini na sita zimeruka.
Na jana usiku, saa saba,
nilipita mlango wa kumi na nne na tochi yangu,
nikaandika kwa mwandiko mzuri:
amelala vizuri.

Sasa dirisha limekuwa la kijivu.
Nimeweka tiki, nyingine kwa wino mzito.
Chini ya kila fomu kuna mstari:
sahihi ya muuguzi mwenye ujuzi.
Kalamu ilifika pale, ikakataa.

Nikamwita Yesenia, koti begani, funguo za gari mkononi.
Nionyeshe, nikamwambia, ulisimama wapi
ulipomwona anavuta shuka.

Tukaenda. Kitanda hakipo, sakafu imeshapigwa deki.
Akaupita mlango ninaoishia mimi,
akatua.
Hatua mbili ndani.