Mapigo Tisini na Sita

Chilumba alikuja na ngoma mbili mgongoni
na ndoo ya mchanga mkononi.
"Sakafu yako saruji," alisema,
"na chinganga hakikai juu ya saruji, kinataka kuchomekwa."
Basi ndoo tukaiweka katikati ya studio.
Studio! Chumba cha uani, Newala, nyuma ya ghala la korosho,
magodoro mawili ukutani,
dirishani magunia matupu
yanayonuka bado msimu uliopita.

Nikazima feni, isije ikaingia kwenye sauti.
Nikamvika hedifoni, nikamwekea kliki:
tisini na sita kwa dakika, tik, tik, tik, tik.
"Nani huyu ananigongea mlango?"
"Ndiye wa kumfuata."
Akacheka. Akafumba macho. Akapiga.

Kwenye kioo mawimbi yakachomoza, meno ya msumeno.
Nikayavuta karibu, nikaona:
kila pigo la nne limechelewa,
si sana, unene wa unywele,
kama mgeni anayejua mlango uko wazi
na hana sababu ya kukimbia.
Mimi nimefunzwa na mashine kwamba kuchelewa ni kosa.
Nikachagua yote, nikabonyeza,
kila pigo likarukia mstari wake
kama wanafunzi kengele ikilia.

Tukasikiliza.
Sikudhani, mwenye wimbo,
aliyelipa nusu, na nusu akaahidi mnada ukifunguliwa,
akaacha kutikisa kichwa.
Chilumba ndiye aliyesema:
"Huyo anapiga vizuri. Ni nani?"

Nikarudisha.
Hicho ndicho ninachokipenda humu kuliko huko nje:
kurudisha. Unabonyeza mara moja tu,
na ulichokiharibu hujakiharibu.
Kuna siku nilikihitaji kitufe hicho
mbali kabisa na kompyuta. Tuyaache.

Mwezi wa saba huo. Ukungu ulikuwa umepanda kutoka bondeni,
umepenya magunia, umeikalia ngozi.
Kufika rekodi ya tatu chinganga kimeshuka nusu sauti.
Nikafungua kifaa cha kupandishia, nikapandisha:
likatoka debe.
"Acha," akasema Chilumba, akakichomoa mchangani,
akatoka uani, akawasha majani makavu ya mkorosho,
akaielekeza ngozi motoni, anaigonga kwa kidole,
anasikiliza, anaigonga tena,
na mimi mlangoni na waya zangu, sina la kufanya.

Moshi ukaingia naye.
Sikudhani akakohoa katikati ya ubeti wa pili.
Luku nayo ukutani ikaanza: tii, tii, tii,
uniti zinakwisha.
Tukarekodi hivyohivyo, kwa mkupuo mmoja,
na hakuna aliyeinua macho kumtazama mwenzake.

Sasa ni saa nane usiku, spika nimezishusha.
Ngurumo ya lori la barabarani nimeikata chini.
Sikudhani nimempa mwangwi kidogo,
asije akasikika kama anaoga.
Kikohozi nimekifuta. Nimekirudisha.
Nimekifuta tena; yeye ndiye anayelipa.

Lakini kilio cha Luku kimekaa juu kabisa,
palepale penye ncha ya chinganga:
nikikiondoa, ngozi inageuka ubao.
Nakizunguka tangu saa tano.
Luku haifuati kliki. Chilumba hafuati kliki.
Ila kwenye sekunde ya hamsini na mbili,
sijui walipatania wapi,
wanaangukia mahali pamoja,
halafu kila mmoja anashika njia yake.

Pale nimepaacha.
Sikudhani akiuliza nitamwambia ni njuga.

Kliki nimeizima. Faili nimeliita "moto wa nne",
ingawa moto ulikuwa mmoja.
Uniti zimebaki nukta nane.
Nahifadhi kwanza,
ndipo nisikilize.