Umefika

Tulianza watatu na kompyuta mbili,
moja kitufe chake cha M kimeng'oka,
hivyo Mihayo alilinakili jina lake kutoka barua ya zamani
na kulibandika kila alipotia sahihi.

Chumba nyuma ya fundi cherehani, Ng'ambo, Tabora.
Kodi ya miezi sita ilikuwa pikipiki ya Kalunde:
aliiuza Jumatatu, Jumanne akaja kwa miguu
wala hakusema kitu.

Wazo lilikuwa dogo, linaenea kiganjani:
mzigo ukishushwa stesheni, simu yako iseme.
Usitoke Ipuli na baiskeli kwenda kuuliza
uambiwe bado,
na kesho bado,
na keshokutwa yule wa dirishani kaenda kula.
Shilingi mia tatu, neno moja: Umefika.

Mwezi wa kwanza neno hilo tuliliuza mara kumi na moja,
nne kati ya hizo kwa mama yake Kalunde
ambaye hakuwa na mzigo wowote.

Afisa wa leseni akauliza, mnauza nini?
Tukatazamana. Neno, nikasema.
Akaandika: Mengineyo.

Halafu Novemba ikatupenda.
Mbegu, vifaranga, masufuria ya harusi,
ujumbe mia mbili kwa siku, simu ya moto kama pasi.
Tulinunua viti vitatu vya kuzunguka
na jioni ya kwanza hatukufanya kazi, tulizunguka tu,
watu wazima, mpaka fundi akagonga ukuta.
Mtu mmoja wa Dar alipiga, akataja mamilioni,
nikamhifadhi kwa jina la Mtaji.
Hadi leo Mtaji hapokei.

Sasa niseme lile.
Ni mimi, si mtandao, si umeme.
Alama moja niliisahau nikiwa na usingizi,
na saa nane usiku mashine ikawaambia watu mia sita na arobaini
kwa mpigo:
Umefika.

Walikuja.
Wa Cheyo, wa Isevya, wa Kiloleni,
na maguta, na mikokoteni, na tochi za simu,
bwana harusi kavaa kanzu juu ya pajama.
Reli tupu, inang'aa.
Treni ilikuwa imelala Saranda na injini mbovu.
Mkuu wa stesheni akatoka na singlendi,
akaniuliza mbele ya umma wote:
Kijana, kimefika nini?

Tulirudisha pesa mpaka droo ikatoa sauti ya mbao.
Watoto wa mtaa walipata salamu mpya;
nikipita na mkate wangu, nyuma yangu: Umefikaaa!
Mihayo alipata kazi benki, Dar.
Aliaga vizuri, aliacha kiti.
Kiti anakalia fundi, anasema kinamfaa mgongo.

Wiki ya tatu ya ukimya akaingia Mama Nkwimba,
yule wa pampu ya maji, aliyekesha siku ile na mjukuu mgongoni.
Nikasimama kupokea matusi yangu.
Akaweka mezani sarafu, mia, mia, mia.
Reli haijawahi kuniambia kitu, akasema.
Nyie mlinidanganya, sawa,
lakini mliniambia.

Sijui kama hiyo ilikuwa sifa.

Leo ujumbe kumi na tisa.
Umeme ulikatika saa tano, tunanyonya betri ya gari,
Kalunde anapepea mashine kwa jalada la leseni.
Siku hizi nashuka stesheni mwenyewe.
Nasimama kwenye vumbi la magunia, nasoma jina,
naligusa gunia, nalisukuma kidogo kwa goti
nihakikishe lina uzito,
ndipo nabonyeza.