Mistari Minne ya Tarehe Kumi na Saba

Kalenda yetu ni ya kuchana, jani moja kwa siku,
na mgongoni mwa jani pana nafasi ya mistari minne.
Minne tu. Velda kaipima kwa rula, hataki ubishi:
wa tano utaliwa na gundi.

Ni Juni. Nje, jua la Estonia limekataa kulala,
nasi chumbani tumo Oktoba, tarehe kumi na saba,
watu watatu na birika moja, tunagombea wafu.

Priidik, aliyesomesha historia miaka thelathini na tisa,
ameleta jemedari. Kila siku analeta jemedari
kama paka aletavyo panya kizingitini, akingoja asifiwe.
Huyu alipita hapa na farasi mia nne,
akanywa maziwa, akauliza njia,
akaenda kushindwa kwingine.
"Ni tukio," asema Priidik. "Lina mwaka. Lina ushahidi."
Ushahidi ni hati ya deni la maziwa.
Halijalipwa.

Velda anataka daraja. Daraja lipo, watu wanalipita,
na halmashauri ya mji hununua nakala mia mbili.
Mwenye nguvu mpishe: mstari wa kwanza, daraja.
Mstari wa pili tukampa bwana aliyezaliwa siku hiyo
akaja kuhesabu aina za uyoga,
maana mjukuu wake ndiye anayemng'oa Velda meno.

Mimi nina kitabu cha kanisa. Kinanuka ukungu,
mwandiko wa mchungaji umelala upande
kama shayiri baada ya mvua.
Tarehe kumi na saba, kiwanda cha viberiti, moto.
Wasichana tisa.
Mlango ulikuwa umekomewa kwa nje, wasije wakaiba njiti.
Saba kawaandika majina.
Wa nane kaandika: yule wa kwa Mardi.
Wa tisa kaweka kistari.

"Inasikitisha," asema Velda,
"lakini watu huisoma hii wakinywa chai."
"Na mwaka hauna hakika," asema Priidik, "wino umevuja,
ni tisini na moja au ni tisini na saba."
Nikasema, basi iandikwe yote miwili.
Wao waliungua mara moja,
mama zao, nadhani, kila Oktoba.
Priidik akavua miwani akaifuta.
Haikuwa chafu.

Sikuwaambia kwamba tarehe hiyohiyo, saa tatu asubuhi,
dada yangu Salme alipanda meli ya Stockholm
akasema ni wiki mbili tu, nimwagilie maua.
Hilo halina mstari, wala silidai.
Maua niliyamwagilia.

Tukapiga kura. Jemedari akapunguziwa farasi
akabaki na nusu mstari, maziwa yakafutwa.
Moto ukapata mmoja na nusu:
Kiwanda cha viberiti kiliungua. Walikufa tisa.
Majina hayakuenea.

Usiku, wenzangu wamekwenda, nikaligeuza jani.
Mbele, chini ya tarehe, huandikwa saa ya jua kuzama.
Nikaing'oa. Jua likizama mtu ataliona mwenyewe.
Hapo nikapanga, kwa herufi ndogo kuliko zote tulizonazo:
Miina, Loviise, Anete, Kadri, Epp, Triinu, Leenu,
yule wa kwa Mardi,
na kile kistari, nikakirefusha kidogo.

Oktoba ikafika. Nilikuwa kwa jirani, Bi Aliide,
mwanamke wa miaka themanini, mikono ina arithritisi.
Akalichana jani, akalisogeza mbali na macho,
akasoma habari za uyoga, akacheka.
Akaligeuza. Akakunja uso, akatafuta saa ya jua,
akasema siku hizi hata kalenda hazijui kazi.
Kisha akalikunja mara mbili,
akalisokomeza chini ya magogo ya jikoni,
akawasha kiberiti.

Nilitaka kusema kitu.
Baridi ilikuwa kali.
Nikasogeza kiti karibu.