Hesabu ya Furu

Tangi nililiunga mwenyewe, hapa Mabatini,
kwa vioo vya friji la soda lililokufa.
Nikapaka gundi, nikajaza, likavuja,
nikalikausha, nikapaka tena.
Maji ya bomba yalale ndooni siku mbili, dawa itoke:
hilo nalijua.
Nisilolijua ni nani alale na nani.

Mafuru wa Mwaloni, aliyezoea kutaniwa jina,
akaniletea furu tisa katika dumu lililokatwa shingo,
na juu yao, kama nyongeza ya muuza nyanya,
sangara mmoja. Urefu wa kidole.
Macho yaling'aa kama shaba iliyosuguliwa majivu.
"Mtoto huyu," nikasema, "atamfanya nini nani?"

Jumatatu, tisa.
Jumatano, saba. Nikamlaumu paka wa Nyanzobe.
Ijumaa nikafunika tangi kwa wavu, na tofali juu yake.
Jumamosi, wanne,
na sangara amesimama katikati ya maji, katulia,
tumbo limetuna,
kama mgeni asiyetaka kuulizwa alikokula.

Tulimkaanga. Hakujaza kiganja.
Nyanzobe akala mkia, akafuta vidole:
"Ziwa zima lilikwambia, hukusikia."

Nikaanza upya, safari hii kwa kuuliza.
Dagaa? Dagaa hafiki Mabatini akiwa hai,
ukimgusa tu ameshaaga.
Sato atakua, atadai sebule yote.
Kamongo sikuthubutu hata kumtaja.
Kati ya furu waliobaki, madume wawili,
mmoja mwekundu mkiani, mmoja buluu,
waligombea jiwe moja tangu alfajiri mpaka taa zinawaka,
na mawe nimewawekea kumi na mawili!
Katika mji huu, jamani, mtu agombee jiwe?
Wa buluu nikamrudisha kwa Mafuru,
akanipa majike watatu,
na gogogo mmoja mwenye sharubu
alalaye chali chini ya kigae mchana kutwa;
usiku anafagia, hamuulizi mtu kitu.

Wiki ya tano jike mmoja akagoma kula.
Kidevu kimevimba. Nikasema, nimekosea tena,
nikaonja maji kwa ulimi, kama mjinga.
Nyanzobe akaja na tochi, akapiga magoti kwenye saruji.
"Zima redio."
Yule jike akafungua kinywa, polepole,
vikatoka vijicho,
vijicho vyenye mikia,
vikatapakaa mbele ya midomo yake kama mtama uliomwagika.
Gogogo akajigeuza kigaeni,
na vyote, mara moja, vikarudi ndani.
Mlango ukafungwa.

Kumbe hakuwa mgonjwa. Alikuwa amejaa watu.

Chaki ipo juu ya redio.
Kila asubuhi naandika hesabu ukutani,
na leo nimesimama nayo mkononi
chai imepoa
sijui niandike ngapi,
maana wengine bado wamo mdomoni.