Pipa la Sita

Ufunguo wa stoo nilikabidhiwa mwaka ule masika yalipochelewa,
pamoja na daftari la jalada jeusi na kalamu iliyofungwa uzi.
Kazi yangu ni kuandika: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki.
Chumvi, magunia arobaini. Chokaa. Asidi, madumu tisa.
Kromu haihesabiwi kwa pupa.
Kwanza unaziba pua kwa pindo la khanga.

Kule chini ya reli, upepo wa mlimani unapochoka
na Moshi inapobaki na joto lake yenyewe,
kiwanda chetu kina mapipa sita ya mbao,
makubwa kama vyumba vya wapangaji.
Yanazunguka mchana kutwa, yananguruma
kama tumbo lililolala na maharage mabichi.
Ngozi inaingia nyeupe, imenyolewa.
Inatoka buluu.

Baba alikuwa mtu wa pipa la tatu.
Miaka kumi na tisa.
Mama alimfulia peke yake: beseni lake, kamba yake,
na maji yake hakuyamwaga migombani.
Hakuna aliyemfundisha. Aliona tu
mgomba mmoja umekataa kuzaa.
Katikati ya mianzi ya pua baba ana tundu
la kupitisha njiti ya kiberiti.
Sisi watoto tulidhani watu wazima wote wanalo.

Mabadiliko hayakuja na tarumbeta.
Yalikuja na barua ya mnunuzi wa viatu, mistari miwili,
halafu kimya cha miaka miwili.
Yakaja na afisa aliyechota maji ya mfereji
kwa chupa ya soda, akaondoka nayo, hakurudi;
akaja mwingine, na chupa kubwa zaidi.
Yakaja na Nderingo wa maabara, mwembamba kama mpini wa jembe,
akamwomba meneja pipa moja tu.

Akapewa lile linalovuja.

Sasa naandika: magome ya miwati, yaliyosagwa,
magunia kumi na mawili, kutoka Njombe.
Yananukia chai iliyosahauliwa kwenye birika.
Kromu humaliza ngozi kwa siku moja.
Magome yanataka wiki tatu na ushee.
Wanasema ngoja ngoja huumiza matumbo,
na ni kweli, meneja ana vidonda vya tumbo.
Lakini ile haraka nayo
tunajua ilikoumiza.

Ngozi za kwanza zilioza. Na hilo niliandika.
Za pili zilitoka na mabaka
kama ramani za nchi zisizokuwepo.
Za tatu

za tatu nilikata kipande, upana wa kiganja,
nikajaza "sampuli", nikapanda nacho nyumbani Kibosho.
Baba akakigeuza. Akakinusa kwa pua yake ile;
alisikia nini, sijui.
Akakiuma pembeni kwa meno yaliyobaki.
"Ngumu," akasema. Kisha, kwa dharau kidogo:
"Rangi ya udongo. Sisi tulitoa ngozi buluu kama mbingu,
siku moja tu. Siku moja!"
Nilikwenda na pole, nikakuta fahari.
Daftari langu halina safu ya vitu hivyo.

Mapipa matano bado ni buluu.
Mfereji bado unateremka kuelekea mpunga wa Mabogini
na sisemi kwamba umetakata.
Nderingo mwenyewe hasemi. Anapima, kila Jumanne,
na namba anaziandika kwa penseli.
Ila mwezi huu kromu imetoka pungufu, magunia manne,
ukilinganisha na mwezi kama huu mwaka jana.
Nilihesabu mara mbili. Nikamwita mlinzi naye ahesabu.
Manne.

Ile sampuli haikurudi stoo.
Mara ya mwisho niliiona imeshonwa
kwenye mpini wa panga la baba,
pale kiganja kinaposhika.