Behewa la Tatu

Mvua ilikula tuta la reli mbele ya Malongwe,
treni ya kutoka Kigoma ikalala Tabora siku tatu.
Watu wakashuka na migebuka yao mikavu,
na madumu ya mawese, na watoto,
na kiu.

Shangazi Kalunde alikuwa na pipa moja
nyuma ya nyumba, Ng'ambo.
Wanzuki ya harusi ya jirani,
na bwana harusi mwenyewe amekwama Dodoma
ndani ya treni nyingine.
"Pombe haina adabu ya kungoja," alisema.
"Ukiichelewesha inakununia, inageuka siki."
Akaihamisha ndoo kwa ndoo hadi stesheni.
Behewa la tatu ndilo lililonunua kwanza.
Behewa la tatu ndilo lililoimba hadi alfajiri.

Hivyo ndivyo kiwanda kilivyoanza. Msiamini
kijikaratasi cha mgongoni mwa chupa
kinachosema *maono*. Nilikiandika mimi.

Bibi harusi alilia alipokuta pipa tupu.
Shangazi akamlipa: khanga doti mbili, na ahadi.
Kifungua mimba wake, Nshoma, ndiye leo
anayegonga vizibo, chupa arobaini kwa dakika,
na bado mama yake akipita langoni
anatukumbusha deni.

Asali ililetwa na Kapela wa Sikonge,
kwa baiskeli isiyo na breki,
madumu mawili ya asali nyekundu kama chai ya rangi
yenye vipande vya nta na mguu mmoja wa nyuki.
Alikuwa mtu wa maneno machache.
Siku ishirini msituni na mizinga ya magome
humfundisha mtu kutosema ovyo.
Alipima, akapokea, akaondoka.
Mara moja tu aligeuka: "Mama,
wakiendelea kukata miyombo kukaushia tumbaku,
utapika maji."

Pipa likazaa pipa.
Mgambo wakaja, wakamwaga nusu,
nusu wakainywa, wakaandika ripoti kwa mwandiko mbaya.
Kikoba cha akina mama kikatoa mkopo.
Tukapanga ghala la zamani la tumbaku,
tukasugua kuta kwa majivu na ndimu wiki nzima,
na bado lita mia sita za kwanza
zikatoka zinanuka tumbaku.
Wakulima wa Urambo walizinunua zote.
Walisema zina ladha
ya malipo yaliyochelewa.

Kisha akaja mtaalamu, kijana mpole, Ezironi,
na kipimajoto, na hamira ya pakiti.
Shangazi akakumbatia kibuyu chake cha chachu,
ile ile ya pipa la harusi,
iliyolishwa asali kila Jumamosi kama mbuzi wa nyumbani.
"Hii inanijua. Hiyo yako inamjua nani?"
Hawakusemezana mwezi mzima.
Mwezi wa kumi, joto likiwa juu ya bati kama pasi,
chupa mia mbili zikapasuka usiku mmoja.
Majirani walilala chini ya vitanda.
Asubuhi nyuki walikuwa wamejaa ghalani,
wamekuja kuchukua chao.

Walipatana hapo, wakiokota vioo.
Kipimajoto kikabaki. Kibuyu kikabaki.

Leo tunapeleka Mpanda, Nzega, Mwanza.
Tuna mhuri wa viwango, tuna stempu ya kodi,
tuna marejesho kumi na moja kabla ya kumaliza mkopo.
Chupa ya kwanza yenye nembo ya behewa
Shangazi aliionja amefumba macho.
"Imevaa viatu," akasema.
Akaonja tena. "Miguu ni ile ile."

Lakini treni ikichelewa,
na siku hizi bado huchelewa,
namwona akipita mlango wa nyuma
na ndoo iliyofunikwa kwa sahani,
haina nembo, haina stempu,
miaka sabini na mbili, anatembea upesi.
Mimi ndiye mhasibu. Nafungua daftari,
natafuta safu inayofaa,
naandika: *ndoo moja, imevuja.*